Mama ana goti bovu: tutembee wapi kando ya mto Thames?

Swali, kutoka kwa msomaji anayeishi Leicester, Uingereza: "Mama yangu anatoka Wete, Pemba, na mwezi wa sita anakuja kunitembelea. Ana miaka 71, goti la kulia linamsumbua, na Kiingereza chake ni cha salamu tu. Nataka siku moja nimpeleke London, atembee kando ya mto Thames na mwongozaji anayejua historia ya mji. Matembezi niliyoyaona mengi yanaanzia Westminster na kuishia Tower Bridge, saa mbili na nusu, kundi la watu ishirini na ushei. Atayaweza kweli? Au nimpandishe boti tu, yaishe?"

Jibu:

Boti iweke akiba, nitaieleza mbele. Lakini hayo matembezi ya Westminster mpaka Tower Bridge, achana nayo. Kwa njia ya ukingo wa kusini ni zaidi ya kilomita 4, na kundi la watu ishirini halina subira. Mwongozaji akishafika mahali anaanza kueleza, na mtu wa nyuma anapowasili wenzake wameshapiga picha wanaondoka. Mama atashinda kutwa anawakimbilia watu. Tena goti bovu haliumizwi na mwendo peke yake. Kusimama wima dakika kumi bila pa kuegemea, huku mtu anaeleza habari za mfalme fulani, kunauma zaidi kuliko kutembea.

Mimi ningempeleka kipande kifupi: kituo cha London Bridge, ukingo wa kusini mpaka Shad Thames, mtaa wa maghala ya kale, kisha mvuke Tower Bridge mmalizie St Katharine Docks. Ni kama kilomita 2, na mtumie saa tatu nzima. Sikukichagua kwa ajili ya ufupi tu. Hapo ndipo London ilipokuwa ikipakua mali ya dunia nzima, na sehemu ya mali hiyo ilitoka kwenu. Westminster atakuwa mtalii wa kutazama majumba. Huku atakuwa na la kusema.

Kabla ya kuchagua mwongozaji, chagua siku, na siku utaichagua kwa maji. Watu wengi wanaokuja London hawajui kwamba Thames hapa mjini hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, sawa na bahari ya Wete. Nguvu ya bahari inaingia mtoni mpaka Teddington, magharibi ya mji, ndipo inapozuiwa na kizuizi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa pale London Bridge inakaribia mita 7, wakati Pemba ni yapata mita 4. Ukifika maji yamejaa, utaona mto mpana wa rangi ya kahawia unaogonga kuta za mawe, basi. Ukifika yamekupwa, ukuta wote unajitokeza na majani yake ya kijani, minyororo, ngazi za kale za wapiga makasia, na chini yake ufuko wa changarawe, vigae, mifupa na vipande vyeupe vya viko vya udongo walivyovutia tumbaku watu wa miaka mia mbili au mia tatu iliyopita.

Sasa hesabu yenyewe. Pale London Bridge, siku ya mwezi mpevu, au siku mwezi hauonekani kabisa kabla ya kuandama, maji hujaa karibu na saa tisa alasiri kwa saa za kiangazi, kwa hiyo hukupwa kama saa tatu asubuhi. Ni mapema mno kwa mtu anayetoka Leicester. Lakini kila siku maji huchelewa, kwa hiyo siku mbili tatu baadaye yanakupwa saa nne na nusu mpaka saa tano na kitu, na nguvu ya bamvua bado ipo. Kwa lugha ya mama, ya kuhesabu siku tangu mwezi uandame: mwezi kumi na sita au kumi na saba, au mwezi mosi na mwezi pili. Mkiangukia siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kukupwa kutakuwa alasiri na ufuko utakuwa mwembamba. Mamlaka ya bandari ya London hutoa majedwali ya maji kila mwaka, nawe uthibitishe humo, maana mvua na upepo wa Bahari ya Kaskazini huvuruga hesabu kidogo. Ila nakushauri umuulize mama kwanza. Mwambie maji ya London Bridge hujaa saa tisa siku ya mwezi mpevu, halafu mwache akukokotolee mwenyewe.

Safari ya kuja ni rahisi. Treni ya Leicester inaishia St Pancras, na hapo hapo kuna treni za Thameslink zinazokwenda moja kwa moja mpaka London Bridge. Vituo vyote viwili vina lifti. Tokeni upande wa Tooley Street, mvuke barabara, mpite ndani ya Hay's Galleria. Lile paa la vioo limefunika gati la kale: palikuwa na maji hapo mlipo, na mashua za chai zikiingia mpaka katikati ya maghala. Mkitokea upande wa pili mko mtoni. Kaeni kwanza. Msianze kutembea kabla mama hajauona mto akiwa amekaa.

Kushoto mtaona London Bridge. Usimwonyeshe kwa shauku sana, maana ni zege tupu la mwaka 1973, na wageni wengi hudhani Tower Bridge ndiyo London Bridge. Historia yake ndiyo tamu. Daraja la mawe la kwanza lilianza kujengwa mwaka 1176 na kumalizika 1209. Lilikuwa na matao 19 na nyumba na maduka juu yake, na likaishi zaidi ya miaka 600. Matao yake yalikuwa membamba mno hata yakawa kama bwawa: maji yakipwa yaliporomoka kwa kishindo kati ya nguzo, na watu wazima wenye busara walishuka upande mmoja, wakatembea, wakapanda mashua upande wa pili. Kwa kuwa mto ulizuiwa mwendo, katika miaka ya baridi kali maji yaliganda upande wa juu wa mto, kabla ya kufika darajani, watu wakafanya gulio juu ya barafu. Gulio la mwisho la namna hiyo lilikuwa mwaka 1814. Daraja lililofuata nalo halipo: mwaka 1968 liliuzwa kwa tajiri wa Marekani, likasafirishwa jiwe kwa jiwe, na leo liko Arizona, jangwani.

Mbele yenu itakuwa HMS Belfast, manowari iliyoshushwa majini mwaka 1938, leo makumbusho. Ngazi zake za ndani ni za mabaharia, wima kama za mnazi, kwa hiyo mama asipande. Itazameni kutoka benchi. Hapo pia ndipo pazuri pa kuangalia mkondo. Chagua kitu kinachoelea, hata kipande cha ubao, mkifuate kwa macho kinavyovutwa kuelekea baharini. Akikuuliza mbona mto mchafu, mwambie rangi ile ni tope linalokorogwa na maji kupwa na kujaa. Uchafu wenyewe ulikuwapo. Majira ya joto ya mwaka 1858 mto ulinuka mpaka bunge likaning'iniza mapazia yaliyolowekwa dawa ya chokaa, ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mitaro mikuu ya majitaka. Hata hivyo mwaka 1957 wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London walisema mto huu katika eneo la mji umekufa kibiolojia. Leo una zaidi ya aina 100 za samaki, na sili huonekana. Mwaka 2025 handaki jipya la majitaka lenye urefu wa kilomita 25, linalopita chini ya mto, lilikamilika kuunganishwa.

Ng'ambo ya pili ni Tower of London, ngome ya mawe iliyoanzwa na William Mshindi katika miaka ya 1070. Matembezi mengi hukaa hapa nusu saa kwa ajili ya waliokatwa vichwa. Kwa mama yako ningechagua habari mbili za wanyama. Mwaka 1252 mfalme Henry III aliletewa dubu mweupe kutoka Norway, akafugwa humo ngomeni, na alikuwa akishushwa mtoni amefungwa mnyororo ili avue samaki. Mwaka 1255 mfalme wa Ufaransa akamletea ndovu, akajengewa nyumba yake maalumu. Akafa baada ya miaka miwili tu.

Tangulieni sasa kupita chini ya Tower Bridge kuingia Shad Thames. Hapa njia ni ya mawe ya kale. Usimwambie mama kwamba mwenda pole hajikwai, maana kwenye mawe haya mwenda pole anajikwaa vilevile. Mshike mkono, apite pembeni penye sakafu laini, na kama amekuja na fimbo hakikisha ncha yake ina mpira mzima. Juu ya vichwa vyenu mtaona vivuko vya chuma vinavyokatiza kutoka jengo hadi jengo. Wapagazi walivitumia kusukuma magunia kutoka ghala la mtoni kwenda maghala ya nyuma bila kushuka barabarani.

Ghala kubwa la mtoni ni Butler's Wharf, lililomalizika mwaka 1873. Chai, kahawa, sukari, na viungo vya kila namna vilipita hapa, na majengo ya jirani, leo nyumba za watu wenye fedha, bado yanaitwa kwa majina ya viungo: iliki, mdalasini, vanila. Liko na jengo la karafuu, Clove Building. Simameni mbele ya jina hilo, umsomee.

Hapo mwongozaji anyamaze kidogo. Mwaka 1872, mwaka mmoja tu kabla ghala hili halijafunguliwa, kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo imekuwa nyumba ya karafuu. Mwaka 1873 Sultani Barghash akashinikizwa na Waingereza kufunga soko la watumwa, lakini utumwa wenyewe katika mashamba ya karafuu uliendelea kisheria mpaka 1897. Mambo haya yasemwe, yasirukwe. Waingereza waliokuwa wakizuia majahazi ya watumwa baharini ndio hao hao waliokuwa wakinunua karafuu iliyochumwa na watumwa. Mwongozaji mzuri atalisema bila kuona haya, na asiyetaka kulisema hakufai.

Mama naye atakuwa na yake. Nimewahi kusimama pale na bibi mmoja wa kutoka kisiwani kwenu. Alisikiliza habari za maghala kwa adabu, kisha akaanza kutuonyesha kwa vidole jinsi ya kuchambua karafuu: kikonyo kinabanwa kwenye kiganja, kinasokotwa mara moja, karafuu zinadondoka upande huu na makonyo yanabaki upande ule. Akatuambia na makonyo nayo yanauzwa, yanakamuliwa mafuta. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama kumtazama. Hakuna mwongozaji wa London anayeyajua hayo.

Kuvuka. Kuna ngazi za kupandia Tower Bridge kutoka ukingoni, lakini msizitumie. Zungukeni kwa nyuma, kwa Horselydown Lane mpaka Tower Bridge Road, mpande taratibu kwa mwinuko mdogo. Goti likiwa limeshakasirika, pandeni basi namba 78, linavuka daraja. Hata basi hilo lina kisa chake. Desemba 1952 dereva wa namba 78, Albert Gunter, alikuwa katikati ya daraja pale sehemu inayofunguka ilipoanza kuinuka chini ya magurudumu yake. Akaona kusimama ni kutumbukia, akakanyaga mafuta, basi likaruka pengo likatua upande wa pili. Alizawadiwa pauni 10.

Daraja lenyewe lilifunguliwa mwaka 1894. Kila bawa, yaani sehemu inayoinuka, lina uzito wa zaidi ya tani 1,000, na mpaka miaka ya 1970 yaliinuliwa kwa nguvu ya mvuke. Bado hufunguliwa mara kama 800 kwa mwaka, na chombo chenye milingoti mirefu kina haki kuliko magari, ilimradi kitoe taarifa saa 24 kabla. Hakilipi hata senti. Ratiba ya kufunguliwa hutangazwa mapema. Mkibahatika siku yenu iwe na ufunguzi kati ya saa tano na saa saba mchana, panga mwendo mwingine wote kuizunguka saa hiyo.

Mkishavuka, msishuke kwa ngazi za mtoni. Nyookeni na barabara mpaka East Smithfield, mkunje kulia, muingie St Katharine Docks kwa lango lenye sanamu za ndovu juu ya nguzo zake. Gati hili lilichorwa na Thomas Telford na kufunguliwa mwaka 1828, baada ya mtaa mzima kubomolewa na watu wapatao 11,000 kufukuzwa, wengi wao bila fidia yoyote. Ndani, katikati ya mashua za kifahari, mtaona jengo la matofali ya manjano lenye mnara mdogo wa saa. Ndilo Ivory House, nyumba ya pembe za ndovu. Leo chini ni migahawa, juu ni makazi.

Karne ya 19 London ilikuwa soko kubwa la pembe duniani, na Zanzibar ilikuwa bandari kuu ya kuzitoa Afrika Mashariki. Pembe zilitoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika mabegani mwa wapagazi, zikashuka Bagamoyo, zikavuka Unguja, zikapimwa tena kwenye maghala kama haya. Mwisho wake ni vitufe vya piano, mipira ya biliadi na mipini ya visu. Mimi hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko Tower, na sioni sababu ya kuomba radhi. Ngome za wafalme ziko nyingi duniani. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya pembe zetu, ambayo mtu anaweza kunywa chai chini yake, ni chache.

Sasa mwongozaji. Tafuta mwenye beji ya buluu, wale waliosomea na kufanya mtihani wa kuongoza wageni London, umkodi peke yenu. Ni ghali kuliko kundi, sikufichi, lakini mkigawana na familia nyingine mbili bei inashuka. Yale matembezi ya "bure" ya kutoa bakhshishi mwishoni hayafai, kwa sababu mwongozaji anaishi kwa wingi wa vichwa. Mwulize kabla ya kulipa: yuko tayari kufuata saa ya maji badala ya saa yake? Anajua benchi ziko wapi kati ya Hay's Galleria na Butler's Wharf? Anaweza kuzungumzia biashara ya Zanzibar hata dakika kumi bila kusoma? Akisitasita kwenye la tatu, si neno, mradi akubali kusoma. Akisitasita kwenye la benchi, tafuta mwingine.

Kutafsiri ni juu yako, na usitafsiri kila neno. Mwambie mwongozaji aseme kisa kizima, anyamaze, nawe umsimulie mama kwa namna yenu. Ukitafsiri sentensi kwa sentensi, mtachoka wote watatu kabla ya manowari.

Mama asishuke ufukoni. Ngazi zina utelezi, na maji yakianza kujaa hayana mzaha. Zaidi ya hayo, kuokota au kupekua vitu kwenye ufuko wa Thames kunahitaji kibali cha mamlaka ya bandari, hata kama ni kipande cha kiko. Macho yanatosha. Abebe sweta na koti la upepo, kwa sababu Juni ya Leicester bustanini na Juni ya mtoni ni vitu viwili.

Na boti? Ndiyo, kwa kurudi magharibi kama atapenda kuona bunge kutoka majini, lakini si mara tu baada ya matembezi. Magati ya boti yanaelea, na maji yakiwa yamekupwa daraja la kushukia linainama sana, kazi ngumu kwa goti kuliko matembezi yote. Subirini muda wa kama saa tatu maji yapande, daraja litalala. Muda huo unatosha kula na kuswali. Msikiti mkubwa wa East London uko Whitechapel Road, mwendo mfupi wa teksi kutoka St Katharine, na una sehemu ya wanawake. Kama boti mmeiacha, kituo cha Tower Hill kiko jirani na kina lifti, na treni ya Circle inawarudisha King's Cross St Pancras bila kubadilisha.